Dakika Nilizobakiza

Mashine ikifa kwenye chumba chetu cha seva, haipigi kelele. Inanyamaza. Feni zake zinasimama, na wewe uliyezoea ule mngurumo wa kutwa unainua kichwa kwa kuwa kuna kitu kimepungua. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile hapa Same. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai, na kabla sijaangalia skrini nilishajua kwamba mmoja ameondoka. Ilikuwa nodi ya tatu.

Inabidi nieleze, maana hata ndugu zangu hawajui ninafanya kazi gani. Wengi wanadhani natengeneza simu, na kila nikienda msibani naletewa simu zilizopasuka vioo. Kituo chetu cha data ni chumba kimoja chenye baridi kali, nyuma ya safu ya maduka, na ndani yake mna kabati la chuma lenye seva nne. Kila seva tunaiita nodi. Zote nne zimeunganishwa zifanye kazi kama ghala moja. Humo tunahifadhi picha za eksirei za hospitali na zahanati, vipindi vya redio ya jamii, na kumbukumbu za vikundi vya wakulima. Kila kinachoingia kinawekwa nakala mbili kwenye nodi mbili tofauti, ili moja ikifa, kilichokuwamo kipatikane kwa mwenzake. Nodi mpya ikifungwa mahali pa ile iliyokufa, zilizobaki zinaipelekea kila moja sehemu yake, mpaka nakala zinakuwa mbili tena.

Kwetu Mhezi, juu milimani, jambo hili lisingehitaji maelezo marefu. Tuna ndiva, bwawa la kijiji linalokusanya maji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani kwa zamu. Ukuta wa ndiva ukibomoka, pembe inapulizwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo. Huendi msaragambo kwa sababu shamba lako limekauka. Unakwenda kwa sababu pembe imelia, basi.

Mama yangu ndiye aliyesimamia zamu za maji ya ndiva yetu, na hakuwa mtu wa kuzoeleka. Mwaka mmoja wa jua kali maharage yetu yalianza kujikunja majani, na zamu yetu ilikuwa bado mbali. Ndiva ilikuwa imejaa, na yeye ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga. Nilimwambia afungue kidogo tu, hakuna atakayejua. Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, akasema, "Mimi nitajua," akaendelea kupepeta mahindi. Mwaka ule tulivuna maharage ya sufuria moja. Nilikasirika, na kusema kweli bado nina kahasira kidogo.

Alifariki. Sitaeleza habari za ugonjwa wake, zinafanana na za mama za watu wengine. Ninachotaka kueleza ni kwamba kabla hajaugua, watu wa redio walipanda Mhezi kurekodi wazee wakizungumza juu ya ndiva, na mmoja wao akakaa naye jikoni mchana mzima. Sikujua. Nilikuja kujua baada ya mazishi, siku redio ilipohamishia vipindi vyake vya zamani kwenye ghala letu. Nilikuwa nakagua kama mafaili yamefika salama, nikafungua moja bila mpango, nikasikia mtu akikohoa. Ukikua kwenye nyumba moja na mtu, unamjua kwa kikohozi. Nilizima, nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi.

Tangu siku hiyo nikawa namsikiliza kidogo kidogo, wakati wa chai, mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa akizungumza Chasu chetu kile cha milimani, kisichochanganywa na Kiswahili hata kidogo, ambacho mimi mwenyewe nimeanza kukipoteza kwa kukosa wa kuongea naye. Alieleza jinsi ya kuziba ukuta wa ndiva. Aliwasema watu waliokuwa wakijifanya wagonjwa siku za msaragambo, na aliwasema kwa mapana. Nilicheka peke yangu humo ndani kwenye baridi.

Lakini sikufika mwisho. Zilipobaki dakika chache nilisimama, nikaamua kuzibakiza. Utotoni tulikuwa tunabakiza kipande cha nyama mpaka ugali uishe, ndipo tukile. Sababu yangu haikuwa ya kina zaidi ya hapo. Nilijua kwamba zile dakika zikiisha, mama hatakuwa tena na neno jipya la kuniambia maisha yangu yote. Ilimradi zipo, kuna kitu bado hajanimalizia. Nilikaa nazo hivyo kwa muda mrefu, na zilinisaidia kuishi.

Basi asubuhi ile nodi ya tatu ilipozimika, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla hata ya kumpigia mkuu wetu, kilikuwa kutafuta yale mazungumzo yamekaa wapi. Nakala moja ilikuwa kwenye nodi ya tatu. Ya pili ilikuwa kwenye nodi ya kwanza. Nikashusha pumzi. Mwenzangu wa kazini alifika, tukaifungua ile iliyokufa, tukakuta ubao wake mkuu umeungua. Nodi mpya ikaagizwa Dar es Salaam. Ghala lilikuwa limejaa sana, kiasi kwamba nodi zilizobaki hazikuwa na nafasi ya kutengeneza nakala nyingine, kwa hiyo ilikuwa ni kusubiri tu.

Kusubiri kwenyewe ndiko kulikoniumiza. Siku iliyofuata diski moja ya nodi ya kwanza ilianza kutoa makosa. Leo inasoma, kesho inagoma, inajaribu tena, inasoma. Tuliokaa na vyombo hivi tunaijua tabia hiyo, diski haiponi ikifikia hapo. Nikatazama ni diski gani. Ilikuwa ileile aliyokaa mama.

Mkuu wetu, ambaye anakaa Moshi, alitoa amri kwa simu: diski ile isiguswe na mtu yeyote kwa jambo lolote mpaka nodi mpya ifungwe, kwa maana kila kusoma kunaichosha, na juu yake kulikuwa na picha za wagonjwa zisizo na nakala nyingine. Amri ilikuwa sahihi. Ningekuwa mimi mkuu ningetoa hiyohiyo.

Mwenzangu huyo amezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge huku bondeni. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata mkonge na wote wawili wamezikwa huku huku, mbali na kwao. Ni mtani sana, lakini siku hiyo alisema taratibu.

"Dada, chukua la mama uweke kwenye flashi. Ni faili dogo. Halitaua diski."

"Mkuu amesema isiguswe."

"Mkuu yuko Moshi. Mimi nakwenda kununua vocha, na vocha siku hizi zina foleni."

Alitoka, akafunga mlango. Nilikaa mbele ya kibodi. Aliyosema yalikuwa kweli: faili lilikuwa dogo, na madhara yake yangekuwa madogo kama yapo. Nikaanza kuandika amri ya kulinakili. Nikasikia, "Mimi nitajua." Niseme ukweli, nilimchukia mama dakika ile. Mtu amelala kaburini Mhezi, chini ya migomba yake, na bado ananinyima maji. Ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ningelichukua faili langu na kwenda kula chakula cha mchana.

Na ilikuwepo sababu nyingine, isiyo na uadilifu wowote. Niliogopa. Ningeliomba faili na diski ikakataa, ningekuwa nimejua. Bila kuomba, mama alikuwa bado yupo. Nikafuta nilichoandika, nikamkuta mwenzangu nje ameegemea ukuta, hana vocha yoyote mkononi.

Nodi mpya ilipakiwa kwenye basi. Tuliisubiri stendi ya Same, basi likaja, likashusha magunia na watu, sanduku letu halimo. Konda akakumbuka: amelishusha Hedaru, na mizigo ya mtu wa vitunguu. Aliomba radhi kwa mikono miwili. Nilimjibu maneno ambayo mama asingependa kuyasikia, kisha tukachukua pikapu ya ofisi, mwenzangu akaendesha.

Hedaru tulilikuta limetulia dukani kando ya barabara, na juu yake mama mwenye duka amepanga mafungu ya nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndio wenye friji?"

"Ndio sisi, mama. Ila si friji, ni kompyuta."

"Kubwa hivi? Mnaandikia nini?"

"Tunatunzia sauti za watu," nilisema. Sijui kwa nini sikutaja eksirei.

Alihamisha nyanya zake moja moja bila haraka, akafuta sanduku kwa kanga. "Basi mzitunze," akasema, akatuongezea fungu la nyanya.

Wakati wa kurudi tulipita Makanya, pale njia ya milimani inapoanza kupanda na pikipiki zinasubiri abiria. Ukungu ulikuwa umekaa juu, kwetu hakuonekani. Huku chini jua lilikuwa linachoma mkonge na vumbi. Nilijua huko juu saa hiyo kuna baridi, na moshi wa jikoni unapita kwenye migomba, na kuna mtu anamwita mtoto aende akatazame maji. Nilitaka nimwambie mwenzangu akate kona. Tungeacha sanduku lilipo, tungepanda. Nilitaka mno kwenda nyumbani, na nyumbani hakuna mtu. Nyumba imefungwa, ufunguo anao baba mdogo, anaifungua mara chache kutoa mchwa.

Zamani nilikuwa nikipanda bila kutoa taarifa. Simu ilikuwa inashika kwa shida, na mimi pia sikuwa mtu wa kupanga. Nilikuwa nikifika jioni ya Ijumaa nimechoka, na jikoni nakuta bakuli la makande limefunikwa kwa sahani, pembeni mwa mafiga, bado lina joto. Sisi ni Wasabato, makande ya Jumamosi hupikwa Ijumaa, kwa hiyo chungu kilikuwa kikubwa. Nilimtania mama kwamba tangu watoto tuondoke hajajifunza kupima mahindi, kila siku anabakiza. Yeye alikuwa akinisogezea kijiko.

"Dada, unalia?" mwenzangu aliuliza.

"Vumbi."

Akapandisha kioo. Tulikwenda hivyo mpaka Same, madirisha yamefungwa na joto limetujaa, kwa heshima ya vumbi langu.

Kufunga nodi si kazi ya ajabu. Tuliitoa ile iliyokufa, tukaichomoa nyaya, nikaipangusa vumbi kabla ya kuiweka sakafuni ingawa hakuna aliyeniambia. Tukaisukuma mpya kwenye reli zake, tukakaza skrubu, tukachomeka kebo za umeme na za mtandao, tukaweka programu, tukaitambulisha kwa wenzake. Feni zilipoanza, mngurumo wa chumba ulirudi ulivyokuwa. Mwenzangu alipiga makofi mawili.

"Pembe imelia," akasema. Nilimfundisha mimi habari hizo, na hakosi kunitania nazo.

Nodi zilianza kupeleka. Kwenye skrini kulikuwa na hesabu ya vipande visivyo na nakala ya pili, nayo ikawa inapungua. Kwanza ilipungua haraka, kisha ile diski mbovu ikaanza kukwama. Tukapunguza mwendo ili isiungue. Mwenzangu aliuliza, bila kunitazama, kama nataka fungu lenye faili la mama litangulizwe. Sasa halikuwa jambo la kuvunja amri tena. Mfumo wenyewe unaruhusu kupanga kipi kianze. Lakini kulitanguliza lake kulikuwa kuchelewesha picha za kifua za mtu fulani nisiyemjua, na diski ile ingeweza kukata roho wakati wowote.

"Liende kwa zamu," nilisema.

Sauti yangu haikuwa ya kishujaa. Ilikuwa ya mtu aliyenuna. Nilikaa kwenye kiti nikatazama namba zikishuka, na kwa kila kipande nilichokiona kimepita nikawaza: huyu amepata, huyu naye amepata, mama bado. Nilijilaumu kwa ujinga wa kubakiza. Ningeweza kuzisikiliza zile dakika mchana wowote, na chai yangu mkononi. Nani alinidanganya kwamba kitu kisichosikilizwa hakipotei? Ikiwa ungefika mwisho wa maisha yako bila kujua mama yako alimaliza kwa kusema nini, ungemlaumu nani?

Mchana ule diski ilikataa vipande kadhaa moja kwa moja. Nilivitafuta kimoja kimoja vilikuwa vya nani. Vingi vilikuwa vya matangazo ya zamani ya redio, na kipindi cha kwaya ambacho wenyewe walikuwa nacho kwingine. Picha za wagonjwa zilivuka zote. Ilipofika Ijumaa alasiri hesabu ikawa sifuri. Diski mbovu tuliichomoa, ikiwa ya moto.

Nikaliita faili la mama. Lilikuwepo. Ukubwa wake ulikuwa uleule. Hilo halisemi kila kitu. Faili linaweza kuwa na ukubwa wake na ndani likawa limeharibika, na mwenzangu alijua hivyo pia.

"Sasa usibakize," alisema. "Mimi ningekuwa na sauti ya mzee wangu, hata akipiga chafya, ningesikiliza mpaka mwisho."

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo, panapotazamana na milima, nikavaa visikilizio. Nilirudisha nyuma kidogo kuanzia pale nilipokuwa nimeachia siku zote. Mama alikuwa anamalizia habari ya ukuta. Kisha nikavuka kwenda nisikokujua.

Hakusema lolote la maana. Alimwambia mgeni kwamba amechoka kuongea, na mtu hatoki kwake na njaa. Mgeni hakuzima mashine, nadhani alisahau. Nikasikia kiti kikiburuzwa. Nikasikia mama akipuliza moto, na kikohozi chake cha moshi. Akamfukuza kuku. Akaimba kipande cha wimbo wa kanisani, akakiacha katikati kama alivyokuwa akifanya siku zote, kwa sababu alikuwa hajui ubeti wa pili. Mwiko ukagonga chungu. Jiko letu lote lilikuwa humo. Nililia, na wapita njia waliniona, na sikujali. Nilikuwa nimesubiri neno la mwisho kutoka kwake, kumbe alichoniachia ni nyumba nzima.

Akaanza kupakua. Ukilijua jiko lile unaweza kuhesabu kwa sauti: bakuli la mgeni, lake mwenyewe. Kisha mwiko ukaingia tena chunguni, na bakuli jingine likajazwa.

"Hilo la nani?" mgeni aliuliza.

"La yule wangu wa Same."

"Kumbe anakuja leo?"

"Hapana. Ana mashine zake."

Sahani ikawekwa juu ya bakuli. Naijua ile sahani, ina ufa ukingoni na inalia hivyo.

"Sasa mbona umempakulia?"

"Ninamwekea kila Ijumaa," mama alisema. "Siku akija, asikute patupu. Haya, kula, linapoa."

Kisha mgeni akakumbuka mashine yake, akaizima.